Barua ya Majina Saba

Kabla sijaanza, naomba radhi kwa mwandiko wangu. Herufi zangu zinalalia kushoto kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na huenda kuna makosa ya tahajia ambayo sikuyaona. Shule yangu iliishia darasa la nane, kule Ukambani, na kwa miaka mingi baada ya hapo sikushika kalamu. Naandika polepole. Kila neno nalisema kwanza mdomoni, kisha naliandika, kisha naliangalia tena kama ninavyoangalia chapati kwenye moto. Kwa hiyo ukiona mahali wino umebadilika rangi, ujue nilianza siku moja nikaendelea nyingine.

Mwezi uliopita akina mama wa kikundi chetu waliniambia niandike historia ya jinsi kikundi kilivyoanza, ili isomwe mbele ya wageni siku ya kuvaa sare mpya. Mimi ndiye katibu. Niliandika ukurasa mmoja, ukasomwa, watu wakapiga makofi. Ulisema kwamba wake saba wenye maono walikaa pamoja, wakaona umuhimu wa kusimama na waume zao, wakaanzisha kikundi. Hakuna uongo ndani yake isipokuwa hayo maono. Hii ninayoandika sasa ni ile historia nyingine. Nisingeweza kuisoma mbele ya watu hata kama ningekuwa mtu wa kusema mbele ya watu, na mimi si mtu huyo.

Mume wangu ana kitalu cha miche ya maua kando ya barabara huko Karen. Anajua kupandikiza waridi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kabla hatujaoana, alipata mteja mmoja, mzee wa Lavington anayependa waridi, na mzee huyo akampenda yeye pia. Mzee alikuwa mwenyekiti wa chama cha undugu. Jina la chama sitalitaja. Ni wanaume wanaoitana Ndugu, Wakamba kwa Wakikuyu, wafanyabiashara na watu wa ofisi, wenye mishipi ya kijani wanayovaa begani na siri ambazo mpaka leo sizijui. Wanazikana, wanaozeshana, wanatafutiana kazi. Mume wangu aliingizwa akiwa mdogo kuliko wote. Juu ya hayo mwenyekiti akampa nyumba ya kuishi, chumba na jiko nyuma ya jumba lake, zile nyumba ambazo Nairobi tunaziita SQ.

Mimi nililetwa hapo nikiwa na miaka ishirini. Ni mahali pazuri, siwezi kudanganya. Kuna nyasi zinazokatwa kila wiki na ndege ambao nyumbani sikuwahi kuwaona. Lakini ukuta ni mrefu na juu yake kuna nyaya za umeme, na lango ni la chuma tupu, huoni barabara mpaka lifunguliwe. Kila nilipotaka kwenda kununua sukuma wiki, askari wa lango aliniuliza, "Unaenda wapi, mathe? Utarudi saa ngapi?" Alikuwa na umri wa baba yangu na alikuwa akiniita mathe, yaani mama. Hakuwa na ubaya, aliambiwa aulize. Lakini kwa mtu kama mimi, ambaye kumjibu mtu ni kazi, ilifika mahali nikaona heri tule kabichi iliyobaki.

Jumamosi moja ndiyo, moja hapana, Ndugu hukutana. Wamekodi nyumba ya zamani Hurlingham, imekaa nyuma ya majengo ya ofisi, na sebule yake kubwa ndiyo ukumbi wao. Kitabu chao cha kanuni kinasema chakula cha Ndugu hupikwa na mikono ya nyumbani chini ya paa lile lile. Kwa hiyo kila Ndugu huja na mke wake. Ndugu ambaye mke wake hakuja husimama kikao kizima karibu na ukuta, bila mshipi, na hawezi kusema neno. Mara moja nilikuwa na homa nikalala nyumbani. Mume wangu alirudi akavua viatu polepole, akaniambia, "Nimesimama masaa manne." Hakulalamika. Aliniuliza kama nimekunywa dawa. Tangu siku hiyo sikukosa tena.

Sasa, kanuni ambayo imeleta mambo yote haya ni hii. Saa saba mchana mwenyekiti hugonga meza mara tatu, na mlango wa mbele hufungwa kwa ufunguo mpaka kikao kiishe, na kikao hakiishi kabla ya saa kumi na moja. Jikoni kuna mlango wa nyuma, lakini una grili yenye kufuli, na kufuli hilo nalo hufungwa saa hiyo hiyo, kwa sababu paa ni moja. Funguo zote mbili hukaa shingoni mwa Mlinzi wa Mlango. Huyo ni mzee aliyestaafu kazi ya kutunza mafaili katika ofisi ya serikali. Huketi kwenye kiti koridoni, kati ya ukumbi na jikoni, na fimbo magotini.

Chakula chetu huwa tayari saa nane. Tulizoea hivyo. Maharagwe yameiva, chapati zimefunikwa, kachumbari inangoja chumvi tu. Baada ya hapo ni kukaa. Redio imekatazwa. Kucheka sana kumekatazwa. Kuna dirisha juu ya sinki, na ukisimama kwa vidole vya miguu unaona mti wa jakaranda, kipande cha barabara, na watu wanaopita na mizigo yao ya Jumamosi. Nilikuwa nikisimama hapo. Niliona mwanamke akirekebisha mkanda wa kiatu chake huku ameshikilia ukuta wetu, kisha akaenda alikokuwa akienda, na nilimfikiria huyo mwanamke wiki nzima.

Tulikuwa saba. Mkubwa wetu alikuwa mke wa mwenyekiti, ambaye sote tulimwita Mama, mtu wa maneno machache, mwenye mikono inayojua kisu. Kulikuwa na nesi wa hospitali moja ya huku. Kulikuwa na mama anayeuza mitumba mjini, ambaye hata kunong'ona kwake kulisikika barabarani. Wengine watatu walikuwa watu wa kusikiliza kama mimi. Waliniita Bibi Harusi, na hata baada ya miaka miwili waliendelea kuniita hivyo, kwa sababu hakuna mke mpya aliyekuja kulichukua jina hilo.

Mwaka ule, mwezi wa tano, nilijiandikisha kwa masomo ya watu wazima. Kidato cha kwanza. Darasa liko mjini, orofa ya tatu ya jengo ambalo chini yake wanashona viatu, na hufanywa Jumamosi saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Mwalimu alikuwa mama wa makamo. Hakunilazimisha kusoma kwa sauti. Alinipa daftari, akanionyesha kiti karibu na dirisha, akaniambia, "Hapa ni pako." Sijui kama mnaelewa. Nyumba ninayolala ni ya mwenyekiti, kitalu ni cha mume wangu, jikoni ni kwa Ndugu. Kiti kile kilikuwa changu.

Lakini darasa lilikuwa na sharti. Watu wa kungoja nafasi walikuwa wengi, kwa hiyo ukikosa mara tatu jina lako linafutwa na mwingine anaitwa. Na mimi Jumamosi moja ndiyo, moja hapana, nilikuwa nimefungiwa Hurlingham. Nilimwambia mume wangu.

"Si uongee na mwalimu akubadilishie siku?" aliuliza.

"Siku ni hiyo moja."

Alikaa akichokonoa udongo chini ya kucha. "Unajua tuko kwa nyumba ya nani," alisema.

"Najua."

"Basi si ni hivyo."

Nilikosa mara ya kwanza. Nilikosa mara ya pili. Mwalimu alinitazama juu ya miwani akasema, "Imebaki moja." Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya Ndugu.

Siku hiyo nilikuja Hurlingham na daftari langu ndani ya mfuko, chini ya leso. Nilikuwa nimepiga hesabu. Kutoka pale mpaka darasani ni mwendo wa dakika arobaini na tano kwa miguu, ukiteremka kuelekea mjini bila kusimama. Chakula kingekuwa tayari saa nane. Nikitoka saa nane na robo, nafika. Nilikata vitunguu kwa haraka mpaka Mama akaniangalia. Saa nane tukafunika sufuria. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena.

"Bibi Harusi," mama wa mitumba akasema, "mbona unaangalia saa kama mtu ako na ndege ya kupanda?"

"Hakuna."

"Hakuna ndio nini? Sema. Hapa tumefungiwa wote, siri yako itaenda wapi?"

Sikuwa nimekusudia kusema. Lakini nilisema, nikiangalia sakafu: nina darasa, ni saa tisa, nikikosa leo nafutwa.

"Darasa la nini? La kuoka keki?" aliuliza nesi.

"Kidato cha kwanza."

Kisha mama wa mitumba akaziba mdomo wake kwa leso kwa ajili ya kile kicheko kilichokatazwa. "Wee! Na vile unakaa hapo kama mtu wa kuhesabu mchele! Kumbe una mambo! Enda umwambie huyo mzee akufungulie. Si ni mlango tu?"

"Enda," nesi akasema. "Atakuuma?"

Nilitembea koridoni. Ni hatua labda kumi na mbili, na nakumbuka kila moja. Mlinzi wa Mlango alikuwa amefumba macho.

"Mzee, samahani."

"Ee, mwanangu. Chai iko?"

"Bado. Naomba kutoka."

"Kutoka wapi?"

"Nje."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia nataka kupitia kwenye dari. "Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Kuna moto jikoni?"

"Hapana, mzee."

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana."

"Basi hakuna kutoka." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Huu mlango unafunguliwa kwa mambo matatu. Moto, kifo, na ombi."

"Ombi ni nini?"

"Ni ombi. Inaandikwa kwa karatasi. Chini inawekwa majina saba. Mimi napitisha chini ya mlango wao, wakikubali nafungua. Lakini tangu nikae kwa hii kiti, sijaona hata moja."

Nilirudi nikawaambia. Nilitarajia yaishie hapo. Lakini mama wa mitumba alikuwa ameanza kuhesabu vichwa kwa mwiko. "Moja, mbili, tatu… Jamani, si sisi ni saba?"

Tulimgeukia Mama, kwa sababu bila yeye tulikuwa sita, na kwa sababu mwenye kugonga ile meza alikuwa mume wake. Alikuwa akipangusa kisu. Alikipangusa upande mmoja, akakigeuza.

"Miaka kumi na minane nimekaa kwa hii jikoni," alisema. "Mama yangu alikuwa mgonjwa hospitali hapo tu ng'ambo ya barabara, mimi niko hapa nafunika chapati. Sikuwahi kujua mtu anaweza kuuliza." Kisha akaweka kisu chini. "Andikeni."

"Nani anaandika?" nesi akauliza. "Mwandiko wangu mzee wangu anaujua, ataanza kelele."

Kila mmoja alikuwa na sababu hiyo hiyo. Waume wao walikuwa wamezoea orodha zao za sokoni na vikaratasi vyao vya mezani. Wakanitazama mimi. Mwandiko wangu hakuna aliyekuwa ameuona. Hata mume wangu. Sisi tulikuwa hatujawahi kuandikiana kitu. Nilitoa daftari langu la darasa, nikachana karatasi ya katikati ili nyingine zisilegee, nikaiweka juu ya mfuniko wa sufuria.

Niliandika polepole, kama ninavyoandika sasa. Walinizunguka. Mama wa mitumba alikuwa akipumua shingoni mwangu. "Harakisha, mwanafunzi!" Nilitaka kuandika "naomba", lakini majina ni saba, kwa hiyo nikaandika "tunaomba". Barua yote ilikuwa hii: Kwa Ndugu wote. Sisi wake zenu tulio jikoni tunaomba kufuli la jikoni lifunguliwe chakula kikishaiva, ili mwenye shughuli aende. Asanteni. Tukaweka majina. Mama aliandika lake kwanza, kwa herufi kubwa. Mimi nikaandika la mwisho. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Mzee wa mlango aliisoma mara mbili, akatikisa kichwa, akagonga kwa fimbo na kuisukuma chini ya mlango wa ukumbi. Sauti za ndani zikakatika. Nilirudi jikoni nikajifunga mfuko begani. Nilisimama karibu na grili kabisa, nimeishika, nikiona nyasi za nje na paka aliyelala juani. Nilikuwa nimeshatoka moyoni. Nilikuwa nimefika kwenye ule mteremko.

Saa nane na nusu, kimya. Saa tisa kasoro robo, tulisikia viti vikisogezwa, kisha makofi, kisha wimbo. Nesi akasema, "Wanaimba nini hawa?" Saa tisa ikapita. Niliiangalia ikipita kwenye saa ya ukutani. Walikuwa bado wanaimba.

Ilipofika saa tisa na nusu mlango wa koridoni ulifunguliwa, na Ndugu wote wakaja jikoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Walijaa mpaka kwenye koridoni, mishipi ya kijani begani, nyuso zimekunjuka. Mwenyekiti alishika karatasi yangu kwa mikono miwili.

"Dada zetu," alisema, "leo mmetushangaza. Kanuni zetu zinasema, watu saba wakiweka majina chini ya ombi moja, na ombi likapokelewa na Ndugu, hao saba si watu tena. Ni tawi. Ombi lenu limepokelewa. Hongereni. Kuanzia leo wake wa Ndugu mna kikundi chenu, na mambo yenu mtaamua wenyewe."

Walipiga makofi. Sisi tulikuwa tumeshika mifuniko na miiko.

"Na kufuli?" mama wa mitumba akauliza.

"Kufuli gani?"

"Mzee, si tuliomba kufuli?"

"Hilo ni jambo la tawi," mwenyekiti akasema kwa furaha. "Mtalijadili katika kikao chenu cha kwanza."

"Lini?"

"Leo. Tawi jipya hukaa siku hiyo hiyo. Ni kanuni. Hakuna anayetoka mpaka viongozi wapatikane." Kisha akainua karatasi juu. "Lakini kwanza tuambieni. Mwandiko huu ni wa nani? Aliyeandika ombi ndiye katibu."

Hakuna aliyesema. Walikuwa wakininyamazia, nafikiri, walidhani wananisaidia. Mume wangu alikuwa nyuma, karibu na jokofu. Nilimwona akiitazama karatasi, kisha akatutazama mmoja mmoja kumtafuta mwenye mwandiko, na macho yake yakapita juu yangu bila kusimama. Hapo ndipo nilipoinua mkono, kama darasani.

"Ni yeye?" mwenyekiti akamuuliza mume wangu. "Bibi yako anaandika hivi?"

"Ndiyo," mume wangu akasema. Alikuwa amegundua wakati huo huo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda orofa ya tatu. Kwenye kiti changu alikuwa ameketi kijana wa bodaboda, kofia yake ya chuma juu ya meza. Mwalimu alitoka nje kwenye ngazi kuzungumza nami. Hakunigombeza. Aliniambia niweke jina kwenye orodha ya kungoja, na daftari nikae nalo.

Ndilo daftari ambamo kumbukumbu za vikao vya kwanza zimeandikwa.

Sitaki mfikiri kikundi chetu ni kibaya. Mmoja wetu alipofiwa na kaka yake, tulikwenda naye mpaka kaburini. Nesi alinifundisha mambo ya mwili wangu ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Mama alichaguliwa mwenyekiti wetu, na siku hizi anaongea kwa sauti, na mume wake anamsikiliza akiongea. Mume wangu naye alibadilika. Wiki ile alinunua vibao vidogo vya mbao akaniletea. "Hukuwahi kuniambia unajua kuandika vizuri," alisema. Sasa kila mche kitaluni una kibao chenye mwandiko wangu, na wateja wa Karen huinama kuusoma. Anajivunia. Nikisema nimechoka, atakayeumia ni yeye.

Lile jambo la kufuli tulilijadili siku ile ile, kama tulivyoambiwa. Ndugu walitupa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo, tukae humo chakula kikishaiva, na chumba hicho kina mlango wake wa kutokea uani. Mlango wetu wenyewe. Mama wa mitumba alitaka ukae wazi. Lakini hatukuwa na kanuni, na kitabu pekee tulichojua ni cha Ndugu, kwa hiyo tulikichukua hicho. Niliambiwa nikinakili. Kilinichukua miezi mitatu. Pale palipoandikwa Ndugu niliandika Dada. Nilipofika kwenye kanuni ya mlango nilisimama, nikamuuliza Mama kama niiruke.

"Usiruke," alisema. "Tukianza kuacha mlango wazi watasema wanawake hawawezi. Tuwaonyeshe kwanza. Baadaye tutabadilisha."

Kwa hiyo mlango wetu hufungwa saa saba. Na kwa kuwa hatuna mzee wa fimbo, tuliamua ufunguo ukae na katibu. Uko kwenye utepe wa kijani, shingoni mwangu, Jumamosi moja ndiyo, moja hapana. Katibu hutoka wa mwisho. Niliiandika kanuni hiyo kwa mkono wangu.

Mwaka huu tumepata Bibi Harusi mwingine, hivyo mimi siitwi hivyo tena. Ana miaka kumi na tisa. Kikao chake cha pili, saa nane hivi, alikuja akasimama mbele yangu, mikono ameikunja kifuani.

"Dada, naomba kutoka."

"Wewe ni mgonjwa?" nilimuuliza.

"Hapana. Mtoto nimemwacha kwa jirani. Ana miezi minne." Alishusha mikono kidogo, nikaona maziwa yamelowesha blauzi.

Nikamwambia, "Ombi huandikwa kwenye karatasi, na chini huwekwa…" Nilikuwa nimeshafika hapo. Nilikuwa nikimwambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Nilisikia sauti yangu, nikaishia hapo. Mama wa mitumba, ambaye huwa na neno kwa kila kitu, aliangalia mikono yake.

Nilivua ufunguo. Nilifungua mlango, na mwanga wa uani ukaingia mpaka kwenye meza.

"Na wewe, dada?" aliniuliza akiwa tayari nje. "Hutoki?"

"Nenda," nilimwambia.

Alikimbia. Nilisimama kizingitini labda dakika moja. Ilikuwa saa nane na robo. Kisha nikarudisha mlango, nikaufunga, nikavaa ufunguo, nikaenda kukaa mahali pangu na daftari.

Kwenye kumbukumbu za siku ile nimeandika, "Mlango ulifunguliwa na katibu." Zilisomwa, zikakubaliwa, hakuna aliyeuliza. Mama alinitazama tu, kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akitazama kisu kabla ya kusema andikeni.

Baada ya hapo mwalimu alituma ujumbe. Kiti kimepatikana. Ni Jumamosi, saa tisa, kama zamani. Anataka jibu kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo atamwita anayefuata kwenye orodha. Ili nikikalie, lazima nisimame mbele ya akina dada wote, nivue ufunguo, niseme mimi basi. Najua watakachoniambia, kwamba kikundi nilikianzisha mwenyewe, mwandiko ni wangu. Barua ya kwanza wameitia kwenye fremu, imetundikwa ukutani juu ya kiti changu. Na nikitoka, mume wangu atarudi kusimama ukutani bila mshipi, na jioni tutapita lango la mwenyekiti tukielekea kulala.

Nimeandika barua ya pili. Hii haihitaji majina saba. Ina jina moja chini, na nimeiandika mara nne mpaka herufi zikakubali kusimama. Imekuwa ndani ya mfuko wangu, chini ya leso, Jumamosi mbili sasa. Kila mara nikifika saa nane naigusa, naona wanacheka na kugawana chai, naiacha. Imebaki Jumamosi moja.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi mliosoma mpaka hapa. Kama kuna aliyewahi kuacha kitu ambacho watu wanasema alikianza yeye, aniandikie aniambie alianza na neno gani aliposimama. Neno la kwanza tu, mengine nitayatafuta. Msihofu mwandiko wala makosa. Na anayeandika kwa upesi tafadhali aandike leo.